Mjadala: Magari ya siku hizi yamefanana mno, nani ameua ubunifu?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Naiweka hoja mezani mapema ili anayenipinga ajue anapinga nini: watengenezaji wa magari wameacha kubuni, na visingizio wanavyotupa havitoshi.

Simama pembeni ya barabara kuu yoyote, jifanye huoni nembo, kisha taja gari zinazopita. SUV ya ukubwa wa kati, paa linashuka kwa nyuma, taa za mbele nyembamba, utepe wa taa nyekundu unavuka buti kutoka pembe hadi pembe, plastiki nyeusi imezunguka matairi. Rangi nyeupe, nyeusi, kijivu au fedha. Hiyo inaweza kuwa ya Japani, Korea, Ujerumani au China, na moja ikawa na bei mara mbili ya mwenzake.

Mwaka 1955 Citroën walipeleka DS kwenye maonyesho ya Paris. Gari linajiinua na kujishusha kwa mafuta na gesi badala ya springi za chuma, na mafuta hayohayo yanasaidia breki na usukani. Mwaka 1959 mhandisi Alec Issigonis aliilaza injini ya Mini kwa upana, akaichomeka gia boksi chini yake ndani ya sampu (karai la oili), na kwenye gari lenye urefu wa mita tatu na sentimita chache watu wanne wakapata pa kukaa. Mwaka huohuo Nils Bohlin wa Volvo akaleta mkanda wa usalama wa pointi tatu, na kampuni ikaruhusu wengine wautumie bila kulipia hataza. Mwaka 1967 NSU na Mazda, kila mmoja kwa njia yake, wakaingiza sokoni magari yenye injini ya Wankel, injini isiyo na pistoni za kupanda na kushuka. Ro 80 ya NSU ilisumbua wateja vibaya sana na mwaka 1969 kampuni ikamezwa na Volkswagen. Walikula hasara, sikatai. Ila walithubutu.

Leo mtu anabadilisha umbo la taa, anaita kizazi kipya.

Na msinijie na "yeye anapenda ya kale". Magari ya zamani yalikuwa yanaua watu, yanakunywa mafuta na kuliwa na kutu. Siyataki yarudi. Nauliza tu: akili ile iko wapi?

Fundi Injini

Mleta mada, nakuheshimu, ila umeangalia bati ukasahau kufungua boneti.

Kwanza upepo. Ukiwa kwenye mwendo mkali, kazi kubwa ya injini ni kusukuma hewa. Audi 100 ya 1982 ilisifiwa dunia nzima kwa kufikia kipimo cha ukinzani wa hewa cha 0.30, na kikiwa kidogo ndiyo bora. Mercedes EQS imefika 0.20. Sasa upepo hauangalii nembo. Wape wahandisi wa kampuni kumi swali moja, wape na kompyuta zilezile, watakurudishia jibu moja. Hilo paa linaloshuka nyuma unalolilaumu ni upepo umelichora.

Pili usalama. Boneti imepanda juu kwa sababu kichwa cha mtembea kwa miguu kikigonga lazima kipate nafasi ya bati kubonyea kabla ya kukutana na injini. Sheria za paa lisibonyee gari likipinduka zimenenepesha nguzo za kioo. Zile taa za kuinuka mlizokuwa mnazipenda utotoni zimeondoka hivyohivyo, Corvette C5 na Lotus Esprit zikawa za mwisho mwaka 2004.

Tatu, na hapa ndipo unaponiudhi. Ubunifu upo. Nissan wana VC-Turbo, injini inayobadilisha uwiano wa mgandamizo, yaani inavyobana hewa na mafuta kabla ya kuwaka, kutoka 8 kwa 1 hadi 14 kwa 1 ikiwa inatembea! Ukikanyaga inakuwa injini ya turbo, ukituliza mguu inabana matumizi. Watu walihangaika na wazo hilo miaka mingi. Mazda wakaleta Skyactiv-X mwaka 2019, petroli inawaka kwa mgandamizo kama dizeli, plagi inasaidia tu. Mwaka huohuo Porsche Taycan ikaingia na mfumo wa volti 800. BYD wakatoa betri ya Blade mwaka 2020, seli ndefu nyembamba zilizopangwa moja kwa moja ndani ya pakiti. Issigonis angevua kofia. Wewe kwa sababu huvioni, unasema havipo.

Mnunuzi wa Kawaida

Mnawaonea bure watengenezaji, wa kulaumiwa ni sisi. Chrysler walileta Airflow mwaka 1934, gari limechongwa kwa ajili ya upepo wakati wengine wanauza masanduku. Watu wakalikataa. Fiat wakaleta Multipla mwaka 1998, siti sita kwa safu mbili, gari halifiki hata mita nne. Tukalicheka sura. Pontiac Aztek nayo hadi leo ni utani kwa sura yake. Tunalilia ubunifu, tukiletewa tunauliza "nitakuja kumuuzia nani?" halafu tunachukua nyeupe.

Mpiga Hesabu

Mmesahau pesa. Chesisi mpya ni mabilioni ya dola, kwa hiyo inagawanywa. Tangu 2012 Volkswagen wana chesisi ya pamoja waliyoiita MQB: Golf, Audi A3, Octavia, mifupa ni ileile. Toyota GR86 na Subaru BRZ zinatoka kiwanda kimoja. Toyota Supra iliyotoka 2019 ni ndugu wa BMW Z4. Suzuki Baleno inabandikwa nembo ya Toyota inaitwa Starlet. Mnategemea tofauti itoke wapi?

Mleta mada

Fundi, umenifunza kuhusu VC-Turbo na nakupa haki yako. Upepo nakubali. Vichwa vya watembea kwa miguu nakubali. Na mpiga hesabu, sawa, chesisi ni ghali.

Sasa twendeni ndani ya gari, mahali ambapo upepo hauingii.

Kupunguza baridi ya AC zamani ilikuwa ni kunyoosha mkono, vidole vinashika kitufe cha duara, unazungusha hadi usikie kinagota mara mbili, macho hayajatoka barabarani. Leo unagusa skrini iamke. Unatafuta alama ya feni. Ukurasa unafunguka, kuna mstari wa kuburuta, gari linapita kwenye tuta, kidole kinateleza, umewasha joto la siti. Unaanza upya, na muda huo wote unaendesha! Sheria gani iliagiza hivyo? Hakuna. Skrini moja ni rahisi kufunga kuliko vitufe ishirini na nyaya zake, basi. Tesla waliweka skrini ya inchi 17 kwenye Model S mwaka 2012 na wengine wote wakafuata mkumbo. Imefika mahali Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, wameweka sharti kuanzia 2026: ukitaka nyota tano, indiketa, taa za dharura, honi, wipa na simu ya dharura viwe na vitufe au swichi halisi. Yaani wapima usalama ndio wanawafundisha wabunifu kazi yao.

Ubunifu ulipoonekana, ulikuwa wa kutoza. Mwaka 2022 BMW walianza kuuza joto la siti kwa malipo ya mwezi katika baadhi ya nchi, ilhali nyaya zimo tayari ndani ya siti uliyoinunua. Kelele zikawa nyingi, mwaka uliofuata wakaachana nalo.

Halafu chungulia bampa za nyuma. Bomba mbili za ekzosi zinang'aa, ukiinama unakuta ni pambo la plastiki, ekzosi yenyewe imejificha chini imeelekea ardhini. Matundu ya hewa pembeni yamezibwa. Nayo hayo ni upepo, fundi?

Kinachoniuma zaidi ni gari la umeme. Halina injini kubwa mbele, halina gia boksi la kupita katikati, sakafu ni bapa. Tangu DS hakuna aliyepewa uhuru kama huo. Wameufanyia nini? SUV ileile, na shoo ya mbele ya bandia isiyopitisha hewa.

Fundi Injini

Hyundai Ioniq 5 ya 2021 je? Taa za vipande vya mraba, mikunjo mikali, haifanani na kitu.

Mleta mada

Inafanana na Pony, mkuu. Hyundai wenyewe wanasema wamechukua kwenye Pony, gari lao la zamani lililochorwa na Mwitaliano Giugiaro mwaka 1974. ID. Buzz ya Volkswagen ni basi lao la zamani, Renault 5 ya umeme ni Renault 5 ya 1972. Gari likituvutia siku hizi, ukichunguza unakuta babu yake.

Fundi Injini

Cybertruck ya Tesla haina babu. Ungeinunua?

Mleta mada

Siinunui, baya lile. Lakini Multipla ya umeme, siti tatu mbele tatu nyuma, sakafu bapa, na kitufe cha AC cha kuzungusha, naweka oda hata kama sura itachekesha. Mnunuzi wa Kawaida, wewe ungeichukua?

Mnunuzi wa Kawaida

Ikija nyeupe.