Akina Yohana, Yahya, John, Jean, Ivan na wenzao: jina lilifikaje kwenu? Tupeane uzoefu

Ngosha wa Kahama (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Yohana. Cha darasa la saba kinasema Yohane, maana mwalimu mkuu alikuwa Mkatoliki na kalamu alishika yeye. Kidato cha nne nimeibuka John. Sasa mwajiri anataka kiapo kwamba hawa watatu ni mtu mmoja.

Nikaanza kulifuatilia jina lenyewe. Kiebrania ni Yohanan, "Yehova amefadhili". Wagiriki wakasema Ioannes, Walatini Iohannes, na baada ya hapo kila taifa likachonga la kwake: Juan, João, Giovanni, Jan, Ian wa Uskoti, János wa Hungaria, Yohannes wa Ethiopia. Mwenye nalo kwa sura yoyote atiririke.

Mama Ivan
Kwetu Uchagani mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu mzaa baba. Baba mkwe ni Yohana. Mume wangu akasema la kizamani hilo, tukaandikisha Ivan.

Mama mkwe akaja na mtori wake kunihudumia uzazi. Aliposikia jina akaweka bakuli chini, na tangu hapo mtoto akawa "huyu". Huyu amelala? Huyu amenyonya? Aliyetuokoa ni mwinjilisti wa usharika aliyekuja kumwombea mtoto. Akamwambia, "Mama, Ivan ndiye Yohana wa Warusi." Bibi akamuuliza mara mbili kama ana hakika. Leo anamwita Yohana kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na mtoto anaitika.

Mdogo wake ni Janeth. Tafadhalini asije akaambiwa kwamba na hilo ni Yohana wa kike, atasema tumeishiwa majina.

Karani Mstaafu
Mleta uzi, nenda kwa wakili na vyeti vyote vitatu, kiapo ni ukurasa mmoja tu. Wangu aliitwa Evans. Nalo ni Yohana, la Wales.

Bin Yahya, Maskati
Assalaam aleikum. Kwetu Unguja ni Yahya, bara wanaongeza a moja, Yahaya. Maulamaa wengi hulifungamanisha na uhai. Kilichonivutia ni hiki: katika Surat Maryam, aya ya 7, Zakaria anabashiriwa mtoto ambaye hakuna aliyepata kupewa jina lake kabla. Na Wakristo nao kwenye Luka 1 wana jamaa wanaolalamika kwamba ukoo mzima hauna mtu wa jina hilo, mpaka mzee akaomba kibao akaandika. Jina lililojaa dunia nzima leo, vitabu vyote viwili vinalileta kama jina geni!

Kazini kwetu fundi umeme ni Mkristo wa Kerala, Yohannan, na mpishi ni Mfilipino, Juan. Msimamizi alipojua, akatupanga zamu moja makusudi. Akiita mmoja tunakwenda watatu.

Mjukuu wa Bukavu
Jambo wandugu. Baba alibatizwa Jean. Mwaka 1972 Mobutu akapiga marufuku majina ya Kizungu, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Padri aliyebatiza mtoto kwa jina la namna hiyo alitishiwa jela. Kwenye karatasi za serikali baba akabaki na jina la babu yake. Bibi aliendelea kumwita Jean ndani ya nyumba, ila mgeni akibisha hodi, anageuza.

Miaka ya 1990 majina ya ubatizo yakarudi, lakini baba hakuligusa lake. Alinipa mimi: Jean-Bosco. Nikivuka kwenda Rwanda najikuta nimejaa kila kona, pamoja na Jean de Dieu, Jean Damascène na Jean Marie Vianney, kila mmoja na mtakatifu wake.

Yohana wa Tukuyu
Niko Ujerumani. Huku Johanna ni mwanamke, kwa hiyo barua zangu za ofisi zinaanza na Frau. Mwaka wa kwanza nilipangiwa chumba na wasichana watatu. Nilipofika na sanduku langu, aliyenifungulia mlango alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Siku hizi najitambulisha Johannes, maisha yanakwenda. Kumbe hata Hans ni kifupi chake. Na Juni 24, siku ya Yohana Mbatizaji, imeingia mpaka shambani: msimu wa asparaga unafungwa, na kuna matunda madogo mekundu yanayoiva wakati huo yanaitwa Johannisbeere.

Ssebo Masaka
Buganda jina linakuonyesha kanisa. Yokana Mprotestanti, Yowana Mkatoliki. Ukikosea kwenye kadi ya harusi utasikia.

Mbishi Mstaarabu
Wakuu, mnachanganya. Yahya na Yohana Mbatizaji ni nabii mmoja, majina ni mawili. Waarabu Wakristo wa Lebanoni wanasema Yuhanna.

Bin Yahya, Maskati
Yuhanna lipo, mkuu, sibishi. Lakini tazama Damascus, kwenye msikiti wa Umayya panapoheshimiwa kaburi lake. Mwaka 2001 aliingia Yohane Paulo wa Pili, papa wa kwanza kuingia msikitini, akamzuru wajina wake. Na Wamandayo wa Iraki, watu wa dini ya kale wanaomtukuza sana huyo mbatizaji, wanamwita Yahia Yuhana. Yote mawili kwa mpigo.

Mbishi Mstaarabu
Hiyo ya Wamandayo nimeikubali. Ila jirani yangu ana mtoto anaitwa Sean. Msiniambie na hilo ni Yohana.

Karani Mstaafu
Ni Yohana. Wanormani walifika Ireland na Jehan yao ya Kifaransa, Waayalandi hawakuwa na sauti ile ya mwanzo, wakaweka sh, ndiyo maana Sean husomwa "Shon". Kamwambie jirani.