Silaha ya kwanza ya kulinda boma: bunduki ya marisau, bunduki ya kukoki au bastola?

Mfugaji_Nakasongola

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi na familia yangu hapa Uganda, wilayani Nakasongola, katika boma lenye nyumba kuu ya matofali ya kuchoma, nyumba ya wafanyakazi iliyo mita chache nyuma ya jiko, na zizi la ng'ombe upande wa barabara. Wizi wa mifugo umetusumbua kwa muda mrefu, lakini mara ya mwisho wezi hawakuishia zizini. Walikuja mpaka mlangoni, wakautikisa wakidai fedha za mauzo ya mnadani. Mwenyekiti wetu wa LC I, yaani baraza la kijiji, yuko tayari kuniandikia barua nikiamua kuomba leseni ya silaha.

Kabla sijaanza safari hiyo ya ofisi baada ya ofisi, naomba mnisaidie kulinganisha mambo matatu: bunduki ya marisau (shotgun) ya kaliba 12, bunduki ndefu ya kukoki kwa mkono kama zile za wawindaji, na bastola ya milimita 9. Sijawahi kumiliki silaha. Kaka yangu aliyewahi kuwa LDU, yaani mgambo wa ulinzi wa eneo, anasisitiza kwamba bila SMG (AK-47, kama tunavyoiita huku) nitakuwa ninajidanganya.

Wakili_Jinja

Ndugu Mfugaji, tuanze kwa kuliondoa la kaka yako mezani. Uganda ni mwanachama wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, na itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama zipige marufuku raia kumiliki bunduki ndefu za otomatiki na hata za nusu otomatiki. SMG ni silaha ya dola, na kampuni za ulinzi zinazoonekana nayo zinasimamiwa na polisi kwa kanuni zao zenyewe za mwaka 2013. Raia anayekutwa na SMG chini ya kitanda hataulizwa kama alikuwa na nia njema. Waulizeni watu wa Karamoja, ambako operesheni ya Usalama kwa Wote ilianza Julai 2021 kwa ajili ya kukusanya silaha za aina hiyo hiyo.

Zinazobaki ni hizo tatu ulizozitaja, na zote zinapita chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970. Barua ya LC I ni mwanzo tu: baada yake kuna mapendekezo ya maafisa usalama kuanzia gombolola (kata ndogo) hadi wilaya, mkuu wa polisi wa wilaya, uthibitisho wa daktari kuhusu afya ya akili, na mafunzo, kisha uamuzi wa juu polisi. Leseni huhuishwa kila mwaka. Utatakiwa pia kueleza sababu ya kuomba, nami nakushauri ueleze tukio la mlangoni kwa tarehe na namba ya kumbukumbu ya kituo cha polisi ulikoripoti. Kama hukuripoti, hiyo ni kazi ya kesho asubuhi.

Kijana_wa_Arua

Wakubwa, naomba nichokoze kidogo. Nimesoma na kutazama mengi kutoka Marekani, na huko wakufunzi wengi humshauri mtu anayenunua silaha ya kwanza ya nyumbani achukue AR-15, bunduki ndefu ya nusu otomatiki, si bunduki ya marisau. Sababu zao si za kipuuzi: ina uzito wa kilo tatu hivi, haipigi teke kali begani, hata mtu mwenye mwili mdogo anaweza kuielekeza vizuri, na risasi yake ndogo yenye kasi kubwa huyumba na kuvunjika ikigonga ukuta, hivyo katika majaribio yao kadhaa ilipenya kuta za ndani kidogo kuliko risasi ya bastola au marisau makubwa. Naelewa alichosema Wakili kuhusu nusu otomatiki, lakini je, hoja hiyo haiwezi kuhamia kwenye bunduki ya kukoki inayotumia risasi nyepesi?

Afande_Mstaafu

Kijana wangu wa Arua, umesoma vizuri, ila umesoma habari za nyumba za wengine. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni mbao nyembamba zilizofunikwa kwa mabamba ya jasi, na mengi ya majaribio hayo yalitumia risasi zilizotengenezwa mahsusi ili zitanuke au zivunjike. Badili risasi hiyo uweke ya kijeshi yenye ganda gumu, na badili ukuta uweke tofali la udongo, mlango wa bati na dari ya turubai. Matokeo hayawezi kubaki yale yale.

Risasi ya SMG hutoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi ya takriban mita 700 kwa sekunde, na bunduki nyingi za kukoki za wawindaji hufikia kasi hiyo au kuizidi, tena kwa risasi nzito zaidi. Kukoki kwa mkono hakupunguzi nguvu ya risasi. Kunapunguza tu wingi wa risasi unazoweza kupiga. Niliwahi kuitwa kukagua nyumba moja ambamo SMG ilifyatuka kwa bahati mbaya. Risasi ilitoboa mlango wa bati, ikapita ukuta wa ndani wa tofali moja usio na plasta, ikavuka kabati la vyombo na kusimama ndani ya gunia la mahindi. Tundu la mlangoni halikupitisha hata kidole, lakini upande wa pili wa ukuta tofali lilikuwa limemeguka kwa upana wa sahani, na vipande vyake vilikuwa vimetawanyika juu ya mkeka ambao watoto walikuwa wameamka kutoka juu yake.

Sasa Mfugaji ametuambia nyumba ya wafanyakazi iko nyuma ya jiko. Mimi ningechukua karatasi, nichore boma lote, kisha nipige mistari kutoka mahali ninapodhani nitasimama usiku hadi kwenye kila mlango na dirisha, na mistari hiyo niiendeleze mpaka nje ya ukuta. Mstari unaoishia kwenye kitanda cha mtu ni mstari usiopigika, uwe na silaha ya aina gani.

Hata hivyo sikatai bunduki ya kukoki moja kwa moja. Kama tatizo lake lingekuwa zizini tu, mita sitini kutoka dirishani, marisau yangekuwa yametawanyika mno kufika huko na bastola mikononi mwa mgeni ingekuwa kelele tu. Ndani ya nyumba, lakini, bunduki yenye urefu unaozidi mita moja hugonga fremu za milango na kumtangulia mwenyewe kila konani.

Msimamizi_Lindo

Nasimamia walinzi wenye silaha hapa Kampala, kwa hiyo naomba niitetee bunduki ya marisau bila kuipamba.

Watu huamini kwamba marisau hayahitaji shabaha. Si kweli. Katika umbali wa chumba, yaani mita tano au sita, marisau makubwa hutoka yakiwa yameshikana na kugonga eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono, kwa hiyo ukikosea umekosea. Faida yake iko kwingine. Ganda moja la kaliba 12 lenye marisau makubwa hubeba takriban punje nane au tisa, kila moja ikiwa na upana wa milimita nane na ushei, na punje hizo hupoteza kasi mapema kuliko risasi ya bunduki ndefu. Zitapita mlango wa mbao, zitapita bati, na zinaweza kupita ukuta dhaifu, lakini hazitaendelea kusafiri kilomita mbili kuelekea kijiji cha jirani. Risasi hata ya ile bunduki ndogo ya kaliba .22, ambayo watu huiita ya ndege, inaweza kufika karibu kilomita moja na nusu ikielekezwa juu.

Hasara zake pia zipo. Inapiga teke, na mtu aliyeifyatua mara moja bila kufundishwa huanza kufumba macho kabla ya mlio. Ndani ya chumba mlio huo huzidi desibeli 150, ambao unatosha kudhuru masikio ya kila aliye karibu. Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia: maganda ya plastiki yanayoshinda miezi kwenye mfuko wa koti, yakilowa umande na kukaushwa na jua, huvimba pole pole. Katika ukaguzi nimekuta bunduki ya kupampu, ile ya kuvuta na kusukuma mkono ili kuingiza ganda, ambayo ganda lake limegoma katikati, haliingii wala halitoki, na mlinzi alikuwa ameibeba hivyo lindo zima akiwa ameifunga kamba ya katani badala ya mkanda. Wapita njia waliona mtu mwenye silaha. Kwa kweli alikuwa na rungu la bei ghali.

Kuhusu mita sitini za Afande, kwa heshima zote, natofautiana naye. Usiku wa Nakasongola, bila mwezi, mfugaji asiyekuwa askari hatamtambua mtu wa mita sitini. Ataona kivuli kati ya ng'ombe. Anaweza kumpiga mchungaji wake mwenyewe.

Wakili_Jinja

Niongezee hapo hapo. Sheria zetu za jinai zinakulinda unapotumia nguvu za kadiri kuzuia shambulio lisilo halali dhidi yako, mtu mwingine au mali, na kadiri hiyo hupimwa na mahakama kwa kuangalia hali yote ilivyokuwa. Mtu aliyevunja mlango akiwa na panga ndani ya chumba walimo watoto ni hali moja. Mtu anayekimbia na ndama, akiwa amekupa mgongo, ni hali nyingine kabisa, na wakili yeyote atakayekutetea baada ya kumpiga huyo wa pili atakuwa na kazi ngumu. Kwa hiyo usichague silaha yako kwa kuangalia zizi.

Hajati_wa_Bombo

Wanangu, mnazungumzia risasi kana kwamba bunduki inakaa peke yake. Marehemu mume wangu alikuwa na bastola yenye leseni, na nitawaambia yale ambayo mwenye nyumba hafikirii.

La kwanza ni nani atakayekuwa nyumbani. Wewe Mfugaji unakwenda mnadani, unakwenda mazishini, unakwenda Kampala. Leseni ni yako, si ya mkeo wala ya kijana wako mkubwa, na wezi wanajua siku ya mnada kuliko wewe. La pili ni mahali pa kuiweka. Bastola inaingia kwenye sefu ndogo iliyofungwa kwa boliti ukutani, na funguo unaitembeza nayo kiunoni. Bunduki ndefu inahitaji kabati la chuma la kimo cha mtoto wa shule, na kila fundi, dobi na mgeni wa arusi atakayeliona atajua ndani kuna nini. Hapa kwetu bunduki yenyewe ni kitu cha kuibwa. La tatu, mzee alipofariki, silaha haikuwa urithi. Ilibidi irudishwe polisi na makaratasi yake, na kama nisingejua ilipo wala alipoweka leseni, ningekuwa mjane na mtuhumiwa kwa wakati mmoja.

Nawauliza pia: mlango uliotikiswa ulikuwa wa nini? Maana tangu niweke mlango wa chuma wenye komeo tatu kwa ndani, taa za jua kila pembe, na mbwa wawili wasiofungwa usiku, sijaitamani tena ile bastola. Majirani wa mayumba kumi wanakuja ukipiga nduru, mradi uwe na muda wa kuipiga kabla mwizi hajaingia.

Mfugaji_Nakasongola

Hajati, ahsante sana, mama yangu. Mlango ni wa mbao wenye kitasa kimoja, na kwa kweli swali lako limeniingia. Nimezungumza na mke wangu. Tutaanza na mlango na taa, na nitaripoti lile tukio kama Wakili alivyoshauri. Lakini ombi la leseni nitaliendeleza, kwa sababu kituo cha polisi kiko mbali nasi na nduru yangu humfikia jirani mmoja tu.

Nimechora ule mchoro wa Afande. Mistari miwili kati ya minne inaishia kwa wafanyakazi, na mmoja wa iliyobaki unapita dirisha la binti zangu. Bunduki ya kukoki nimeiacha. Niliowauliza huku wenye leseni karibu wote wana bastola, nami naona ni kwa sababu inabebeka. Je, kwa mtu wa mwanzo, bastola si ndiyo rahisi?

Afande_Mstaafu

Ni rahisi kubeba, ni ngumu kupiga. Mtutu mfupi, mikono inayotetemeka, hakuna kitako cha kuegemeza begani: nimeona askari wenye miaka mingi kazini wakikosa shabaha ya ukubwa wa mtu katika mita kumi. Kila risasi iliyokosa inaendelea na safari, na ya milimita 9 hupita ukuta wa udongo bila shida. Ukiichagua, ujue unajifunga kufanya mazoezi mara kwa mara kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, na hesabu ya risasi hizo iingie kwenye bajeti yako kabla ya bei ya silaha. Kama unajua hutakwenda, chukua marisau.

Kijana_wa_Arua

Nimekubali kuhusu kuta. Swali la mwisho kwa Msimamizi: ikiwa ni marisau, ni ya kupampu au ile ya mitutu miwili?

Msimamizi_Lindo

Kwa mtu wa mwanzo, mitutu miwili. Inabeba maganda mawili tu, na wengi watakuambia hayo hayatoshi, lakini ukiikunja katikati unaona kwa macho, na hata kwa kidole gizani, kama ina ganda au haina. Ya kupampu inaweza kuonekana tupu huku ganda moja likibaki ndani, na ajali nyingi za walinzi wapya ninazozijua zilianzia hapo. Mfugaji, utakapofika dukani na kibali chako, ishike begani ukiwa umevaa nguo unazolalia, maana kitako kirefu mno hunasa nguo na kifupi mno hukupiga shavu. Maganda yaweke ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na bunduki, chini ya ufunguo wa pili, na kila unapohuisha leseni yatoe yote, uyapitishe moja moja kwenye chemba huku kituo cha polisi au mkufunzi akikusimamia. Litakalokwama lirudishe, usilisukume.