Naomba ushauri: kiungio cha nguzo ya bawa kwenye ndege ndogo

Habari zenu wakuu. Nasanifu ndege ya viti viwili, mabawa juu, kila bawa likishikwa na nguzo moja ya mshazari. Pembe kati ya nguzo na bawa ni digrii 30, hivyo kila kilo ya wima pale kwenye kiungio inazaa kilo 2 za mvuto ndani ya nguzo, na kama 1.73 zinaishia kuigandamiza spari (boriti kuu ndani ya bawa) kuelekea kwenye bodi.

Sikio (bamba lenye tundu linalounganisha nguzo na bawa) ni la chuma cha 4130 (aloi ya kromi na molibdeni), boliti moja katikati ya uma. Nimetumia kigezo cha usalama 1.5 na nyongeza ya 1.15 ya viungio. Boliti kukatika, sikio kuchanika, tundu kutanuka: vyote vinapita vizuri tu.

Kinachonisumbua ni kwamba mstari wa nguzo hauukuti mhimili wa spari. Sikio linachungulia chini ya ngozi ya bawa, na hapo panazaliwa momenti (nguvu ya kupinda). Je, inatosha kuijumlisha na mpindo wa kawaida, au mgandamizo ule wa spari utaikuza zaidi?

Pia, kwenye mzigo hasi (bawa linaposukumwa chini) nguzo inapogandamizwa, niihesabu kama yenye pini ncha zote (yaani zote huru kuzunguka), hata upande ambao boliti hairuhusu kuzunguka?