"Mshamba" au "mshenzi": lipi linamfaa mhusika huyu?

mhariri_igizo: Wakuu, nahariri igizo la redio. Kijana katoka kijijini, kaingia jengo la maduka Dar, anagoma kukanyaga ngazi za umeme. Binamu yake anamfokea: "Acha ushenzi wewe, watu wanatuangalia!" Mwandishi anashikilia kuwa ushamba na ushenzi ni yale yale. Tena kaandika "nguo zake za shamba" akimaanisha zimepitwa na wakati. Nipeni hoja za kumpelekea.

Kipanga: Mpime kwa kinyume. Kinyume cha mshamba ni mtoto wa mjini. Kinyume cha mshenzi ni mstaarabu, muungwana. Kijana wako hajamvunjia mtu heshima, hajazoea tu, kwa hiyo ni "Acha ushamba". Neno hilo watu hutaniana nalo, hata mtu hujisema mwenyewe: "Nitoe ushamba, hii simu inawashwaje?" Hujasikia mtu akiomba kutolewa ushenzi! Mshenzi ni tusi, mkitamkiana mbele za watu mnaweza kushikana mashati.

Nguo za shamba ni za kulimia. Zilizopitwa ni za kishamba, hiyo ki- ndiyo inayoleta dharau. Ila kuku usimguse: yeye ni wa kienyeji, na bei yake iko juu.

Bi_Mjini: Igizo likifika Unguja, chungeni neno "shamba". Huku "anakaa shamba" ni kutaja mahali tu, nje ya Mjini. Mtu wa shamba anaweza asiwe mshamba hata kidogo.

Na mshenzi lina historia chafu. Pwani ya karne ya 19, muungwana alikuwa mtu huru, na washenzi waliitwa watu wa bara, ambako watumwa wengi walitolewa. Hata "ustaarabu" limetokana na Kiarabu, asili yake kuwa kama Mwarabu. Msikilizaji anaweza asijue hayo yote, lakini uzito wa tusi umebaki.

mhariri_igizo: Nimewapata. Baadaye kuna mlinzi anamsukuma kijana na kumwita nyani. Hapo je?

Kipanga: Hapo ndipo pake. Mwambie mwandishi asilifute neno, alihamishe tu: binamu amgeukie mlinzi, "Huu ni ushenzi!" Na aseme "huu" hata mlinzi akirudia mara tatu, maana ushenzi hauna wingi.