Kuuliza njia na kupanda usafiri Kairo: ni msamiati gani wa Kiarabu nianze nao?

BintiTanga ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Inshallah nitakwenda Kairo kusoma katika vitivo vya wasichana vya Chuo Kikuu cha Al-Azhar, vilivyopo Madinat Nasr, na nitaishi na wenzangu katika nyumba ya kupanga, kwa hiyo itanibidi nisafiri kila siku. Kiarabu nimekisoma tangu madrasa hadi sekondari, na nahau na sarufi hazinisumbui sana. Hata hivyo, nilipotazama video za Wamisri wakielekezana njia, sikuambulia chochote zaidi ya "yamiin". Vitabu vyangu vinanifundisha "ayna al-mahatta" na "bikam at-tadhkira", lakini sijawasikia watu wale wakitamka hata moja ya sentensi hizo. Naomba waliokaa Misri wanieleze ni maneno gani ya usafiri na ya kuelekezana nianze nayo, na kama inafaa niweke kando Kiarabu fasaha kwa muda.

Mkaazi wa Abbasiyya amejibu:

Wa alaykumu s-salaam dada, na hongera kwa kupata nafasi hiyo. Kiarabu fasaha usikiweke kando, kwa sababu ukisema "ayna" kila mtu Kairo atakuelewa, na wengi watafurahi kumsikia mgeni akizungumza lugha ya vitabuni. Tatizo ni kwamba jibu litakuja kwa lahaja ya mjini. Kwa hiyo ninakushauri utumie muda mfupi kukariri maswali na muda mrefu kuzoea majibu, kwani anayepotea njiani mara nyingi ameuliza vizuri sana ila hakuelewa alichojibiwa.

Maswali mawili yanatosha kuanzia. La kwanza ni "lau samaht, fein il-mahatta?", yaani "tafadhali, kituo kiko wapi?", na ukimuuliza mwanamke utasema "lau samahti". La pili ni "aruuh Madiinit Nasr izzaay?", yaani "nifikeje Madinat Nasr?". Mzee wa kiume mwite "yaa hagg", mama mtu mzima mwite "yaa hagga", na dereva mwite "yaa usta".

Sasa tuje kwenye majibu. Zoeza sikio lako mabadiliko mawili ya sauti, nayo yatakufungulia maneno mengi unayoyajua tayari. Jimu ya kitabuni hutamkwa "g", kwa hiyo "janb" (kando) huwa "gamb" na "ujra" (nauli) huwa "ugra". Qafu nayo humezwa katika maneno mengi ya kila siku, ikabaki kama hamza, yaani mkato mfupi wa sauti kooni, kwa hiyo "daqiiqa" huwa "di'ii'a", "qariib" huwa "urayyib" na "al-baaqi" huwa "il-baa'i", ambalo ndilo neno la kudaia chenji yako. Mswahili ana dakika, karibu na baki kinywani mwake tangu utotoni, na anachohitaji ni kuyatambua yakiwa yamevaa matamshi ya Kairo.

Kwa kuwa wewe ni mwanamke, amri utakazopewa zitaishia kwa "-i", jambo ambalo vitabu vingi vya maongezi havilitaji. Utaambiwa "khushshi yimiin" (ingia kulia), "liffi" (geuka au zunguka), "irga'i" (rudi), na "imshi ala tuul" (nenda moja kwa moja). Kushoto ni "shimaal", wala si "yasaar" ya kitabuni. Usidhani kwamba unaambiwa uelekee kaskazini, maana kaskazini ni "shamaal", na anayekuelekeza kwa miguu hatarajii uwe na dira mkononi.

Watu wa Kairo huelekeza kwa alama zaidi kuliko kwa majina ya mitaa. Utasikia "ba'd il-kubri" (baada ya daraja), "uddaam il-gaami'" (mbele ya msikiti), "and il-ishaara" (kwenye taa za barabarani), "ala n-nasya" (pale kwenye kona) na "il-midaan", ambao ni uwanja ambapo barabara kadhaa hukutana. Ukishapewa maelekezo, usiitike tu kwa adabu ukaondoka. Yarudie kwa namna ya swali: "ya'ni akhushsh yimiin ba'd il-kubri?" Mtu akisema "aywa", umepata, akisema "la'", atakusahihisha papo hapo, na mara nyingi atatumia maneno mafupi zaidi kuliko yale ya mwanzo. Mkaazi wa Kairo huona vibaya kumwacha mgeni bila jibu lolote, hata pale ambapo yeye mwenyewe hana hakika, kwa hiyo ni busara kumuuliza mtu wa pili hatua chache mbele.

Mwalimu wa Pemba amejibu:

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, na ningependa kuongeza jambo moja linalotuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili. Wingi wa maneno yetu yenye asili ya Kiarabu hutusaidia sana katika hesabu ya nauli, kwa sababu sita, saba, tisa, ishirini, nusu na robo tunazo tayari, lakini katika usafiri wingi huohuo hutupotosha. Mwanafunzi anayetafuta daraja la kuvuka barabara akauliza "daraja", ataeleweka kama anauliza kuhusu ngazi au cheo, na akilitia shada (mkazo wa herufi) kwenye "r" atakuwa ametaja baiskeli. Daraja la kuvukia ni "jisr" kwa fasaha na "kubri" kwa Wamisri. Tiara yetu ya kuchezea watoto ni ndugu wa "tayyaara", ambayo kwao ni ndege ya abiria, na uwanja wake ni "mataar". Sayari yetu iko angani, ilhali "sayyaara" ni gari. Aliyesoma Sura Yusuf atakumbuka kwamba katika aya ya 19 neno hilo limetumika kwa msafara wa wapita njia, na kwa kumbukumbu hiyo hatalisahau tena, ingawa mitaani Kairo gari huitwa zaidi "arabiyya".

Kuna pia suala la kibla, ambalo nimeona likiwachanganya watu wetu mara nyingi. Kwetu Pemba, Unguja na mwambao mzima, anayeelekea kibla anaelekea kaskazini, na wazee wetu hutumia neno hilo hata wanapotaja upande wa nyumba au wa shamba. Misri mambo ni kinyume: "ibli" ni kusini na "bahri" ni kaskazini, kwa kuwa bahari yao iko upande huo. Treni za "wagh ibli" ndizo zinazokwenda Luxor na Aswan, na za "wagh bahri" huelekea Aleksandria na miji ya delta. Utakapokuwa stesheni ya Ramses ukitafuta treni yako, tofauti hii itakufaa zaidi kuliko orodha ndefu ya maneno.

BintiTanga amejibu:

Shukrani nyingi sana, walimu wangu. Suala la amri za kike sikuwa nimelifikiria kabisa. Naomba kuuliza zaidi kuhusu metro na hayo mabasi madogo, kwa sababu nimeambiwa kwamba hayana vibao na kwamba ni lazima uzungumze ili ushushwe.

Mkaazi wa Abbasiyya amejibu:

Ni kweli kuhusu "mikrubaas". Kama ilivyo kwa konda wa daladala, mpiga debe au dereva mwenyewe hutaja mwisho wa safari kwa sauti, naye hulifupisha jina. Madinat Nasr ina mitaa inayoitwa kwa namba, hivyo utasikia "is-saabi', is-saabi'" kwa Mtaa wa Saba na "il-aashir" kwa Mtaa wa Kumi. Jifunze namba za mpangilio kabla ya kitu kingine chochote, yaani saadis, saabi', taamin, taasi', aashir. Ukishaketi, nauli hupitishwa mkono kwa mkono kutoka viti vya nyuma hadi kwa dereva, na anayepitisha hutaja watu wangapi wanalipiwa: "waahid" au "itnein". Chenji hurudi kwa njia hiyohiyo, ikipita mikononi mwa watu usiowajua, na hufika. Ukikaribia kushuka, sema kwa sauti ya kusikika "ala gamb yaa usta", yaani "sogea pembeni, dereva", au "nazzilni hina", "nishushe hapa".

Metro ni rahisi zaidi, kwani ina vibao vya Kiarabu na vya herufi za Kilatini. Ilifunguliwa mwaka 1987, ikiwa ya kwanza Afrika, na sasa ina njia tatu. Tafuta neno "ittigaah" (uelekeo), ambalo hufuatwa na jina la kituo cha mwisho, kisha "rasiif" (jukwaa la kusubiria) na "khuruug" (kutokea). Mabehewa ya "sayyidaat" ni ya wanawake, nayo huwa katikati ya treni. Zingatia kwamba majina ya vituo hayalingani daima na majina wanayotumia watu: kituo cha Sadat ndicho kilicho chini ya Uwanja wa Tahrir, na kituo cha Shuhadaa ndicho cha stesheni ya Ramses.

Kuna tahadhari moja inayokuhusu wewe hasa. Katika njia ya tatu kuna kituo kiitwacho Kulliyyat il-Banaat, maana yake Chuo cha Wasichana, lakini jina hilo linatokana na chuo cha wasichana cha Chuo Kikuu cha Ain Shams, si cha Al-Azhar. Usishukie hapo kwa kuvutwa na jina. Unapouliza, taja "Gaami'at il-Azhar, banaat, Madiinit Nasr" kwa ukamilifu.

Mswahili wa Muscat amejibu:

Kwa watakaosoma mazungumzo haya wakiwa njiani kuja Oman, tafadhali msije na msamiati wa Kairo mkidhani utatosha. Hapa "moja kwa moja" ni "siida", neno lililotoka Bara Hindi, kushoto ni "yasaar" kama vitabuni, "wapi" ni "wein", na alama kuu ya kuelekezana ni "duwwaar", yaani kipilefti. Mabasi ya kampuni ya Mwasalat yana namba na vituo maalumu, hivyo maneno hayahitajiki sana humo. Yanahitajika kwenye teksi, ambako ni vizuri kuuliza bei kabla ya kupanda na kukumbuka kwamba rial moja ni baisa 1,000. Ugumu mwingine ni kwamba Waomani wengi wenye asili ya Unguja wakitambua lafudhi yako watahamia kwenye Kiswahili mara moja, na utakuwa umekosa mazoezi uliyoyakusudia. Mimi huwaomba kwa heshima waniendelezee Kiarabu, na sijaona aliyekataa.

Mkaazi wa Abbasiyya amejibu:

Nimesahau sentensi moja, dada. Metro ikijaa, aliye nyuma yako atakuuliza "inti naazla?", yaani "unashuka?". Kama unashuka kituo kinachofuata, jibu "aywa, naazla". Kama hushuki, sema "la'" na umpishe afike mlangoni kabla treni haijasimama.