Patch au Changez kwa kijana wa raga?

MamaProp: Wadau habarini. Kijana wangu yuko gredi 9, anataka shule ya sinia yenye raga ya maana. Yeye ni prop, yule wa kusukuma mstari wa mbele, kilo 84, chapati saba anamaliza bila aibu. Tumebaki na Nairobi School (Patch) na Lenana (Changez), baba yake anasema ni kitu kimoja, mimi sioni hivyo. Waliosoma huko nipeni ukweli.

Mkongwe_Patch: Mama, mzee hajakosea sana, hizo ni ndugu ila sisi ndio kaka mkubwa. Shule ilianza 1902, 1931 ikahamia Kabete ikaitwa Prince of Wales, majengo yakachorwa na Herbert Baker, yule yule wa Union Buildings za Pretoria, ukiuona ule mnara wa saa unasahau Kangemi iko hapo tu karibu. Hao wengine wamekuja 1949 wakiitwa Duke of York, yaani hata ukihesabu kutoka Kabete tu tumewatangulia miaka 18.

Laibon_Ngong: Kaka mkubwa wapi 😂 umri haufungi trai (bao la raga). Zote mbili zilijengewa watoto wa Wazungu, raga ilikuja nao, walipoondoka sisi tukabaki na mpira na uwanja. Ila sisi 1969 tulichukua jina la Olonana, laibon (kiongozi wa kiroho) wa Wamaasai, nyinyi 1966 mkajiita jina la mji, ni kama kumwita mtoto Mtoto. Mama, Lenana iko upande wa Ngong Road, na barabara hiyo hiyo ndio ina klabu ya Impala, ukiendelea kuelekea tao unapata uwanja wa raga wa RFUEA, nyumbani kwa klabu ya Quins, mashindano ya Safari Sevens yalianzia hapo 1996. Kijana wa raga atataka nini tena?

Mkongwe_Patch: Atataka kusoma pia 😏

KochaWaMtaa: Mkimaliza historia niwaambie kitu. Mama, huyo ni prop, na raga ya wachezaji 15 inachezwa muhula wa kwanza, muhula wa pili ni sevens, ya wachezaji saba, na huko prop mzito anabeba chupa za maji. Kwa hiyo uliza shule inamfanyia nini muhula wa pili. Halafu nenda mechi, usiangalie trai, angalia skramu, pale timu zinasukumana zikiwa zimeinama: wa mstari wa mbele wameinama mgongo ukiwa bapa ama wamejikunja kama wanatafuta shilingi? Shingo ya mtoto wa miaka 15 si mchezo. Na msidhani Nairobi ndio mwisho, Kakamega na St. Mary's Yala wanakuja huku wanawapiga hizi shule za jina kubwa wanarudi na kombe.

BabaWawili: Kocha amesema. Wangu alivunjika mfupa wa bega saa nne asubuhi, shule fulani sitaitaja, nilipigiwa simu saa kumi na moja jioni na mwenye alinipigia ni mwanafunzi mwenzake. Siku hizi nauliza nesi yuko wapi kabla niulize kocha ni nani.

Laibon_Ngong: Pole sana mzee. Mama, ulizia pia kama wanatoa ile njia ya masomo ya sanaa na sayansi ya michezo, usije ukapata raga yenyewe ni ya jioni tu.

MamaProp: Asanteni jamani. Jumamosi naenda na baba yake kuangalia migongo. Swali la mwisho, chakula cha jioni wanaongezea?

Mkongwe_Patch: Mama hapo sasa, kwa hiyo chapati saba, Patch na Changez ni kitu kimoja.