Mjadala: Shule inafungua Januari, siku tatu darasani, siku mbili kwenye simu. Ada ni ile ile?

MamaPacha wa Ilazo
Habari za jioni wadau. Shule ya wanangu, ya binafsi, hapa hapa Dodoma mjini (jina nalihifadhi), imetuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Januari madarasa ya chini wataingia Jumatatu hadi Jumatano. Alhamisi na Ijumaa vyumba vinachukuliwa na wakubwa, wadogo wanabaki nyumbani kusoma kwa simu, saa mbili hadi saa sita. Sababu, jengo jipya halijaisha. Ada haijapungua hata shilingi, na hela ya basi wanataka ya siku tano. Pacha wapo la pili, dada yao la nne. Simu ya intaneti nyumbani ni moja, yangu, na mimi nauza mchele Majengo sokoni. Nyie mngelipa?

Baba Kurwa
Lipa siku tatu. Basi lenyewe Alhamisi linambeba nani, upepo?

Maghorofa ya Mtumba
Watanzania kwa kulalamika hatujambo. Dunia imeshahamia huko tangu corona. Hata sisi 2020 shule zilifungwa Aprili mpaka Agosti, watoto wakasoma kwa redio na TV, nani alikufa? Tatizo siyo mtandao, tatizo ni walimu. Walipewa vishikwambi vya sensa, vile vilivyotumika kuhesabia watu 2022, bure kabisa. Kawaulizeni wanavifanyia nini. Tamthilia za Kikorea.

Mzee wa Kizota
Siyo Aprili. Tangazo la kufunga shule lilitoka tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu mwenyewe. Vyuo na kidato cha sita wakarudi 1 Juni, waliobaki 29 Juni. Agosti umeitoa wapi?

Na hiyo redio usiisifie sana. Mjukuu wangu alikuwa la sita, tukaiweka dirishani asikie vizuri. Mwalimu wa redioni akasema "sasa tazameni umbo hili." Mtoto akageuka akanitazama mimi.

Mwalimu wa Chaki, Bahi
Mheshimiwa wa maghorofani, nilikuwa nasahihisha madaftari, nimeweka kalamu nyekundu chini nikujibu.

Kishikwambi ninacho. Ndani kuna maandalio ya masomo na vitabu vya kiada nilivyopakua maktaba mtandao ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania. Navipakua usiku, kwa bando la mshahara wangu, kwa sababu kijijini kwetu mchana mtandao unashika ukiwa umesimama juu ya kichuguu nyuma ya vyoo vya wavulana. Nikiwa pale juu wanafunzi wanajua mwalimu yupo mnarani. Waya wa chaja panya wameutafuna, naushikiza na tofali. Darasani nina watoto 80. Hiyo tamthilia ya Kikorea naitazama saa ngapi, niambie nipange muda.

Maghorofa ya Mtumba
Sijakutaja wewe, nimesema walimu. Mbona umeruka?

Mwalimu wa Chaki, Bahi
Mimi ni nani, mwashi?

Baba Kurwa
😂😂 Mnarani!

Mama Wanne Nkuhungu
Halafu mnabishana vishikwambi vya sensa wakati vile vilikwenda kwa walimu wa serikali. Shule ya mleta mada ni ya binafsi. Mwalimu wa pale atafundishia simu yake yenye kioo kilichopasuka, na bando lake. Hilo hakuna aliyeliuliza.

Maghorofa ya Mtumba
Basi na iwe simu yake. Nachosema mimi ni kwamba mjini tusirudishwe nyuma kwa sababu kijijini hawana. Huko kwenyewe Januari nusu ya darasa wapo shamba wanaamia ndege kwenye uwele, hata ukiwapa mtandao wa bure.

Mgogo Halisi
Wewe umekuja Dodoma mwaka gani?

Januari ni palizi. Kuamia ndege ni uwele ukishatoa masuke ukaanza kukomaa, huko mbele mvua zikielekea mwisho. Januari unaamia nini, majani? Mtu amehamia juzi na fanicha zake kutoka Dar, hajawahi kushika jembe la Ugogo, anatufundisha kalenda yetu.

Mvua yetu ni moja tu kwa mwaka, Desemba mpaka Aprili hivi. Ikikupita umekwisha. Na shule zinafunguliwa katikati ya mvua hiyo hiyo. Mimi nilipalilia alfajiri, saa moja nipo mstarini na tope miguuni, na nikafaulu. Niliyejifunza kusoma kwa mwalimu wa kichuguu leo nasoma upuuzi wako bila shida.

Maghorofa ya Mtumba
Nimekosea msimu, nimekubali. Hoja yangu iko palepale.

Mgogo Halisi
Hoja gani? Umeshakuwa na tatu.

Mhitimu wa Huria
Naomba niseme kama mtu niliyesomea mbali. Nimechukua shahada Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini Kongwa, nikienda mjini kwa mitihani na siku chache za kukutana ana kwa ana. Inawezekana kabisa. Lakini nilikuwa na miaka 34, na nilikuwa na hamu ya kupanda daraja. Mtoto wa la pili bado anashikwa mkono aandike herufi k isiangalie nyuma. Huo mkono Alhamisi utatoka wapi?

Baba Kurwa
Sasa huyu ndiye wa kusikilizwa. Ila Huria ada zenu nazo zilikuwaje?

Mhitimu wa Huria
Usinichokoze.

MamaPacha wa Ilazo
Jamani nimerudi, nilikuwa nafunga hesabu. Mkono wa Alhamisi ndiyo swali langu. Wiki iliyopita walifanya jaribio la saa moja, niwasimulie.

Nikawachukua wote watatu nikaenda nao sokoni, maana simu ndiko iliko. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la Blue Band juu ya gunia. Pacha wakakaa kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa. Dada yao kipindi chake kilikuwa saa ile ile, kwa hiyo alikosa. Mwalimu akaanza hesabu za kutoa kwa kukopa, vizuri tu. Amefika "tunakopa kwenye makumi," mteja wangu wa Area C akapiga, somo likazimika. Nikamwambia nitakupigia. Tukarudi, mwalimu hatoi sauti, anachezesha mdomo tu. Akarudi hewani. Ikaingia meseji ya malipo, Kulwa akabonyeza, tukatoka tena. Mara ya nne tuliporudi mwalimu anasema "kwaherini, mmefanya vizuri sana." Doto akauliza, mama, tulikopa nini?

Nimecheka pale, lakini usiku sikulala.

Mama Wanne Nkuhungu
Pole dada. Na hapo umeme ulikuwepo. Kumbuka mgao ule wa mwishoni mwa 2023, ungechajia wapi?

Fundi Sola Sabasaba
Mgao siyo kisingizio tena, paneli ndogo ya kuchajia simu siku hizi haikushindi. Halafu wewe mwalimu wa Bahi, unabana waya kwa tofali? Utaua tundu la chaji. Likishalegea hilo ni kufungua kifaa chote.

Mwalimu wa Chaki, Bahi
Limeshaanza kulegea. Nimeuliza mjini nikatajiwa bei nikajua wananiona mgeni.

Mzee wa Kizota
Mama pacha, ushauri wa bure. Usigombane nao kwenye kundi la WhatsApp, pale kila mtu anaweka vidole gumba halafu anakukimbia. Tafuta karatasi uliyosaini siku ya kujiunga, soma wameandika siku ngapi. Kisha wazazi watatu au wanne nendeni kwa wadhibiti ubora wa shule, wale tuliokuwa tukiwaita wakaguzi. Waulizeni kwa maandishi. Shule za serikali zenye watoto wengi huingia zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, lakini mtoto anakanyaga darasani siku zote tano. Kwa nini hao wasifanye hivyo?

Maghorofa ya Mtumba
Au amhamishie kayumba, shule ya serikali. Elimu bila ada tangu 2016, na walimu wa kule si ndiyo hao mashujaa.

Mwalimu wa Chaki, Bahi
Mlete. Atakuwa wa 81 na jina lake nitalijua.

Dada wa Chamwino
Samahani naingilia. MamaPacha, mchele wako ni wa Kyela au wa Mbarali? Nina shughuli tarehe 3.

MamaPacha wa Ilazo
Wa Mbarali ninao, wa Kyela unaingia Jumamosi. Usipige asubuhi ya Alhamisi.

Baba Kurwa
Wa Kyela ndiyo wenye harufu. Huo mwingine ni wa kujazia tumbo.

Mama Wanne Nkuhungu
Wengi mnaouziwa "Kyela" Dodoma hii haujawahi kuiona Kyela.

MamaPacha wa Ilazo
Wangu umeiona, kaka zangu ndio wanaupakia. Haya, ada nilipe au nisilipe?

Dada wa Chamwino
Nitachukua kilo 30 za Kyela kama ni wa kweli.

Fundi Sola Sabasaba
Mwalimu, njoo nacho Jumamosi. Ukishuka kwenye daladala niulizie kwa wauza redio. Lete kifaa na waya wenyewe, tofali liache Bahi.